Kompyuta ya Gemu Imechoka: Tuitie Kiraka au Tununue Nyingine?

Somo la leo linahusu starehe, lakini hesabu yake ni ile ile ya ada na mabati. Wengi wetu tuna kompyuta ya gemu iliyozeeka. Kwa mwingine iko chumbani kambini, na Ijumaa ndiyo mpira wake na ndiyo wenzake. Kwa mwingine iko nyumbani kwa kijana, na kila mwezi ujumbe unaingia: "Mama, imekuwa nzito, naomba hela ya nyingine."

Kabla ya kutuma hata riyali moja, tushike kanuni moja: usinunue kitu mpaka ujue ni kifaa gani kinachoikwamisha, na mashine nzima bado ina uwezo wa kupokea nini. Anayenunua bila kujua hayo anaweza kulipa mara mbili, kwanza kiraka, halafu kompyuta nzima.

Hatua ya 1: Tafuta kinachokwamisha

Anza na kisichogharimu kitu. Zima, chomoa waya wa umeme, fungua boksi, toa vumbi kwenye feni. Huku Ghuba vumbi halina huruma, na kompyuta ikipata joto kali hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Mara nyingine "uzee" wote ni vumbi tu.

Kisha washa gemu lile linalokusumbua. Likiwa linacheza, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Patafunguka ukurasa unaoonyesha kila kifaa kinatumika kwa asilimia ngapi.

- RAM ikiwa imejaa karibu yote, na kompyuta inakwama kila ukifungua kitu kingine, tatizo ni RAM.
- Diski ikikaa kwenye 100 na gemu linachukua dakika nyingi kufunguka, huenda bado una diski ya kuzunguka. SSD itakuonyesha tofauti siku hiyo hiyo.
- Kama hivyo viko sawa lakini picha inarukaruka, punguza ukubwa wa picha ndani ya gemu. Mwendo ukiwa mwepesi, kadi ya picha ndiyo iliyochoka. Usipobadilika, prosesa ndiyo iliyofika mwisho.

Kama kompyuta iko nyumbani, kijana apige picha ukurasa huo gemu likiwa linacheza, akutumie. Hapo mtazungumza kwa ushahidi, siyo kwa hisia.

Hatua ya 2: Jua ukuta uko wapi

Ukuta wa kompyuta ni mazabodi, ule ubao ambao vifaa vyote vinachomekwa. RAM ya DDR3 haiingii kwenye tundu la DDR4, wala ya DDR4 kwenye la DDR5. Prosesa nayo inakubali mazabodi ya aina yake tu. Kwa hiyo ukilazimika kubadilisha prosesa ya zamani sana, unabadilisha mazabodi, na mara nyingi RAM pia. Hicho siyo kiraka tena, ni nguo mpya.

Ukuta wa pili ni programu. Windows 10 iliacha kupata huduma ya kawaida ya Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na, kwa kawaida, prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8 au AMD Ryzen kuanzia mfululizo wa 2000. Kizazi cha Intel ya miaka hiyo unakisoma kwenye namba: Core i5-8400 ni kizazi cha 8, Core i5-4590 ni cha 4. Ziko njia za kuilazimisha Windows 11 kwenye mashine ya zamani, ila gemu kama Valorant, likiwa kwenye Windows 11, halikubali kufunguka bila TPM 2.0.

Ukuta wa tatu ni pawa saplai. Kadi ya picha hupata hadi wati 75 kupitia tundu lake kwenye mazabodi. Inayokula zaidi inahitaji waya wake kutoka pawa saplai. Kompyuta nyingi za ofisini zilizotumika, kama Dell OptiPlex, hazina waya huo, na pawa saplai zake nyingi si za umbo la kawaida, kwa hiyo huwezi kuchomeka yoyote. Kwa mashine za namna hiyo zipo kadi kama GTX 1650, ambayo matoleo yake mengi hayahitaji waya wa ziada. Pima boksi kwanza: yale membamba yanataka kadi fupi.

Kama yako ni laptopu, ukuta uko karibu zaidi. SSD kwa kawaida hubadilishika, RAM kwa baadhi tu, na kadi ya picha kwa nyingi imechomelewa moja kwa moja.

Hatua ya 3: Piga hesabu

Tuchukue kompyuta mbili ambazo kwa nje zinafanana. Bei hizi ni za mfano tu. Wewe weka za soko lako. Tuseme kompyuta iliyotumika lakini bora zaidi inauzwa riyali 140.

Ya kwanza ina Core i5-8400, RAM GB 8 ya DDR4 na diski ya kuzunguka. SSD riyali 15, RAM ya kuongeza riyali 20, jumla 35. Hiyo ni robo ya bei ya nyingine, na mashine inakubali Windows 11. Hapa tunatia kiraka bila wasiwasi. Kadi ya picha tusubiri. Cheza mwezi mzima kwanza ndipo uamue.

Ya pili ina Core i5-4590 na RAM ya DDR3. SSD 15, RAM 10, kadi ya picha 50, jumla 75. Umeshavuka nusu ya 140, prosesa imebaki ile ile ya 2014, na Windows 11 haiitambui rasmi. Hapa tunasema imetosha. Ifanye kazi ndogondogo na weka akiba ya kununua nyingine.

Kanuni yetu ni hii: kiraka kikizidi nusu ya bei ya mashine iliyo bora, simama. Ila tofautisha vifaa vinavyohama na visivyohama. SSD utaihamishia kwenye kompyuta ijayo, na kadi ya picha mara nyingi pia, kama boksi na umeme vinaruhusu. RAM ya DDR3 itakufa na mashine yake. Ukibanwa, weka hela kwenye kinachohama.

Jambo moja la wakati huu: tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda sana, kwa kuwa viwanda vinapeleka memori nyingi kwenye mitambo ya akili mnemba. Usitumie bei uliyoambiwa mwaka jana. Uliza wiki hii. Na usitupe RAM nzima iliyotoka kwenye kompyuta mbovu.

Hatua ya 4: Tazama mkataba na safari

Mkataba wako umebaki miezi mingapi? Mwenye miezi minne asinunue boksi kubwa ambalo halijui litapandaje ndege. SSD na RAM zinaingia kwenye begi la mkononi, lakini boksi lenye kioo linakula kilo za mzigo wote wa watoto.

Ukilazimika kusafirisha kompyuta nzima, toa kadi ya picha uifunge peke yake, maana mtikisiko unaweza kuvunja tundu lake. Walioko Marekani waangalie nyuma ya pawa saplai: kama kuna swichi ya 115 na 230, iwekwe 230 kabla ya kuchomeka Kenya au Tanzania. Kumbuka pia kwamba garantii mara nyingi hubaki nchi uliyonunulia. Kwa kompyuta ya kijana, mara nyingi ni nafuu zaidi kumlipa fundi wa huko huko aweke kifaa, fundi akatoa risiti.

Hatua ya 5: Hela itoke mfuko gani?

Isitoke kwenye ada, wala kwenye akiba ya dharura. Na isitoke kwenye mkopo wa dukani. Katika baadhi ya nchi za Ghuba deni lisilolipwa linaweza kukuletea zuio la kusafiri, na hakuna gemu linalostahili kukufungia uwanja wa ndege siku una msiba nyumbani. Fungua bahasha ya starehe, weka kidogo kila mshahara. Bahasha ikifika bei, nunua. Isipofika, kompyuta ya zamani inaendelea.

Na starehe yenyewe tusiidharau. Mtu anayefanya kazi siku sita anahitaji kupumzika, na kijana anayecheza chumbani hayuko barabarani. Tunachotaka ni starehe isiyoleta deni.

Zoezi la wiki hii: chukua karatasi, andika mistari minne. Kinachokwamisha ni nini? Ukuta uko wapi? Kiraka ni kiasi gani ukilinganisha na nusu ya bei ya mashine iliyo bora? Bahasha ina shilingi, dirhamu au riyali ngapi? Kama mstari mmoja bado uko wazi, usitume hela. Jaza kwanza.