Picha za bidhaa za sikukuu kwa simu uliyonayo

Desemba ikiingia, Makambako, hapa mkoani kwetu Njombe, huchangamka kuliko kawaida. Mabasi ya Dar es Salaam, Mbeya na Songea yanakutana pale njia panda, na ndani yake mna mizigo ya watu walioagiza vitu kwa simu: asali, masweta, parachichi, keki iliyofungwa vizuri kwenye boksi. Mteja wa namna hiyo hajaishika bidhaa yako wala kuijaribu mwilini. Anachokijua ni picha uliyomtumia. Kwa hiyo kabla hujawaza taa za kumetameta, hakikisha picha inamwonyesha kitu kile kile atakachokikuta akifungua mzigo. Mapambo yaje baadaye, na yawe machache.

Je, unahitaji kamera? Hapana, simu yako inatosha. Nenda duka la vifaa vya shule ununue karatasi mbili nyeupe za manila. Mara nyingi moja haizidi shilingi 1,000. Ongeza kitambaa cha rangi moja, hata shuka safi la nyumbani. Ukitenga shilingi 10,000 utapata hayo yote na bando la kutuma picha. Ukiamua kumwita mpiga picha, muulize kabla ya kulipa: bei ni kwa picha au kwa siku, utapewa picha ngapi, na je, atakupa faili zenyewe au atakutumia kwa WhatsApp tu, ambako picha hupunguzwa ubora?

Sasa tuje kwenye mwanga, maana hapa ndipo picha nyingi huharibikia. Zima taa ya chumbani na flashi ya simu. Weka meza karibu na dirisha, bidhaa ipate mwanga kwa ubavu. Upande wa pili, ule wenye kivuli, simamisha karatasi moja ya manila. Itarudisha mwanga na kivuli kitapungua. Usichanganye mwanga wa dirisha na wa balbu, kwa sababu balbu nyingi zina rangi ya njano, na keki nyeupe itaonekana kama imelala siku tatu. Ukipigia nje, epuka kukaa chini ya turubai la bluu au karibu na ukuta wenye rangi kali, kwani rangi hiyo itaingia kwenye bidhaa.

Dirisha lipi? Njombe iko kusini mwa ikweta, kama nyuzi 9 hivi, na mwezi Desemba jua hupita upande wetu wa kusini, hata saa sita mchana. Dirisha linalotazama kaskazini halipigwi na jua moja kwa moja siku nzima, hivyo mwanga wake ni mtulivu. Kwa aliye Njombe mjini, kaskazini ni upande wa Makambako. Mwezi Juni mambo hugeuka, na dirisha la kusini ndilo linalokuwa bora. Kama nyumba yako haina dirisha la upande unaofaa, tundika kitambaa cheupe chepesi kwenye dirisha ulilonalo.

Watu wengi husubiri mawingu yaondoke ndipo wapige picha. Usisubiri. Wingu linatawanya mwanga wa jua na kulainisha vivuli, na wapiga picha wa mijini hununua vifaa ili wapate mwanga kama huo ambao Njombe inaupata bure msimu wa mvua. Saa nzuri ni kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, ukungu ukiwa umepungua na mvua za mchana hazijaanza. Angalia jambo moja tu: simu iliyotoka kwenye baridi ya nje ikiingia jikoni penye joto, kioo cha kamera hupata mvuke na picha hutoka na utandu. Iache dakika chache, kisha futa kioo kwa kitambaa laini cha pamba. Kukifuta hivyo kila unapoanza kazi ni jambo dogo linaloonekana sana kwenye picha.

Kwenye kupiga, egemeza karatasi ya pili ya manila ukutani na uiache iteremke mezani kwa kujipinda, bila kuikunja, ili nyuma ya bidhaa pasionekane mstari. Gusa bidhaa kwenye kioo cha simu ili kamera iilenge. Usivute picha kwa vidole, sogea wewe. Ila usikaribie mno, maana kitu kikubwa kama kabati kitaonekana kimepinda. Keki na chupa zipige kutoka mbele, juu kidogo. Mablanketi na vitenge vilivyotandazwa vipige kutoka juu.

Kila bidhaa ina tabia yake. Parachichi likikatwa huanza kuwa la kahawia kwa sababu ya hewa, kwa hiyo panga kila kitu kwanza, ukate mwishoni, na upake maji ya limao. Asali ielekeze dirishani ili mwanga upite ndani ya chupa na rangi yake ionekane, baada ya kufuta alama za vidole. Sweta la kufuma linataka mwanga wa ubavu unaoonyesha nyuzi. Samani za mbao zitoe nje siku ya mawingu.

Mapambo ya Krismasi hapa kwetu hayahitaji duka. Mkoa wetu una mashamba mengi ya paini. Omba tawi dogo na koni mbili kwa mwenye shamba, uviweke pembeni, nyuma kidogo ya bidhaa. Utepe mwekundu mmoja unatosha. Ukiona jicho lako linaenda kwenye pambo kabla ya bidhaa, punguza. Kwa wateja wa Idi, tende na vikombe vidogo vya kahawa juu ya kitambaa safi vinapendeza. Usitumie maandishi ya dini kama pambo la kuuzia, wala usiweke pombe ya aina yoyote kwenye picha hiyo, hata ulanzi.

Mteja atajuaje ukubwa? Piga picha moja bidhaa ikiwa mkononi mwa mtu, au kando ya futi ya fundi cherehani. Kisha andika uzito, ujazo au vipimo chini ya picha, pamoja na bei. Tabia ya kuandika “njoo inboksi” badala ya bei inawachosha watu, na mteja aliye safarini hana muda wa kubembeleza. Kama bei haijumuishi nauli ya mzigo, sema hivyo. Usibandike alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) kwenye picha kama hujaipata, kwani ni kosa kisheria. Ukitaka kuanza safari ya kuipata, ofisi ya Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) mkoani Njombe ndiyo mahali pa kuanzia kuuliza.

Usichukue picha ya mtu mwingine mtandaoni ukasema ni kazi yako. Sheria ya hakimiliki inamlinda aliyeipiga, na mteja akipokea kitu tofauti hatarudi. Ukimpiga picha mtu amevaa sweta lako, omba ruhusa yake kwanza, na kwa mtoto omba ya mzazi. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na ni heri ruhusa hiyo uwe nayo kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu.

Ukituma kwa WhatsApp, chagua ubora wa juu kabla ya kutuma, au tuma kama dokumenti. Picha ya kwenye status hupotea baada ya saa 24, kwa hiyo picha zako ziweke pia kwenye katalogi ya WhatsApp Business, ambayo haina malipo. Anza kazi hii mwishoni mwa Novemba, ili oda ziwahi mabasi kabla hayajajaa.

Na kabla hujakusanya vitu vyako mezani, ondoa tawi na utepe, upige kila bidhaa mara moja tena ikiwa peke yake. Shule zikifunguliwa Januari, mzazi anayetafuta sweta la mwanawe hatavutiwa na picha yenye pambo la Krismasi.