Daftari la Baba: Amri ya Nne Haiishii Kaburini



Leo tutafakari amri ya nne: kuwaheshimu baba na mama. Wengi tunadhani ukishamzika mzazi umeimaliza. Nami nilidhani hivyo, hadi nilipofungua daftari la mzee wangu.

Baba aliuza vipuri vya magari Nairobi, lakini moyo wake ulikuwa kwenye ndege. Alikuwa na leseni ya rubani binafsi, ile isiyomruhusu mtu kubeba abiria kwa malipo. Akipata nafasi, alikodi Cessna 172 ya viti vinne pale uwanja wa Wilson. Kila safari aliiandika: tarehe, alikoondoka, alikotua, muda aliokaa angani.

Nilipopata Kipaimara nilikuwa shule ya bweni Kitale. Baba aliahidi kuja kwa ndege. Asubuhi nilisimama nje ya kanisa nikitazama juu mpaka Misa ikaanza. Hakuja. Alifika jioni kwa gari, matope tele. Nilimpa mkono bila kumtazama usoni. Hatukulizungumza tena, hadi akafariki.

Kumbe safari ile ilikuwa daftarini. Alikoondoka: Wilson. Alikotua: Wilson. Dakika 35. Pembeni kaandika: "Mawingu Limuru. Nimegeuka."

Rubani asiyefunzwa kuruka kwa kutegemea vyombo haruhusiwi kuingia mawinguni. Humo macho hayamwambii kama ndege iko sawa au imelala upande, na upande ule ardhi nayo inapanda. Angelazimisha, labda ningepata Kipaimara na msiba siku moja. Yeye aligeuka, akaacha ndege, akaendesha gari kutwa nzima. Mimi nikamnyima hata kumtazama.

Tunajifunza nini?

Kwanza, kumheshimu mzazi ni kumuuliza kabla ya kumhukumu. Swali moja tu, "Baba, ilikuwaje?", lingeniondolea kinyongo cha miaka.

Pili, Baba hakuificha safari iliyoshindikana. Aliiandika kama zile nyingine. Tukichunguza dhamiri kabla ya kitubio, nasi tusiruke mistari inayotuaibisha.

Tatu, upendo una njia hata baada ya kifo. Katekisimu, namba 1032, inatufundisha kuwaombea marehemu, hasa katika Misa. Kwa hiyo kila tarehe 10 Desemba natoa nia ya Misa kwa ajili ya Baba. Ni siku ya Bikira Maria wa Loreto, ambaye Papa Benedikto XV alimtangaza msimamizi wa marubani mwaka 1920, kwa sababu mapokeo yanasema malaika waliibeba nyumba yake ya Nazareti angani hadi Loreto, Italia.

Zoezi la wiki: kama mzazi wako yu hai na kuna jambo mmelinyamazia, mpigie simu leo. Kama ametangulia, mtolee nia ya Misa.

Tusali: Ee Bwana, wapokee wazazi wetu waliotutangulia, na utusamehe yale tuliyochelewa kuwaambia. Amina.