Hiyo krimu, mdogo wangu, haiishii juu ya ngozi

Mdogo wangu uliyeniandikia kuhusu krimu ya tyubu, barua yako nimeisoma mara tatu. Umeipaka usoni na shingoni miezi saba. Wiki mbili za kwanza uling'aa, kila mtu akauliza siri yako. Sasa mashavu yanawaka kama yamepakwa pilipili, vimishipa vyekundu vinaonekana, na ukiacha siku mbili hali inazidi. Muuzaji alikuambia ni dawa ya "nje tu", haiingii mwilini. Hapo ndipo nataka tukae, maana hilo neno "nje tu" limewaponza wengi, na mimi nilikuwa mmoja wao nilipokuwa chuo.

Umesema ubavuni mwa tyubu pameandikwa clobetasol. Hiyo ni steroidi, tena miongoni mwa zenye nguvu kuliko zote zinazopakwa. Ni ndugu wa kotisoli, homoni ambayo mwili wako huitengeneza wenyewe kila siku kwenye vitezi viwili vilivyokaa juu ya figo. Steroidi zina asili ya mafuta, na utando wa seli nao ni wa mafuta, kwa hiyo hupita bila kupiga hodi. Ndani ya seli kuna protini inayozisubiri, inaitwa kipokezi. Kabla homoni haijafika, protini nyingine huwa zimekishikilia kipokezi hicho mahali pake. Dawa ikiingia kwenye mfuko wake, kipokezi hubadilika umbo, huachiwa, na hukimbilia kwenye kiini cha seli, ilipo DNA yako.

Sasa twende taratibu, maana hapa hunishangaza kila nikipasoma.

DNA ni nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja kama kamba ya katani, nazo zimeandikwa kwa herufi 4: A hutazamana na T, G hutazamana na C. Msokoto huo huacha mifereji miwili, mpana na mwembamba. Ndani ya ule mpana herufi zinaweza kupapaswa bila kamba kufumuliwa. Kipokezi nacho kina vidole viwili, na wataalamu huviita hivyo hivyo, vidole vya zinki. Kila kidole kina chembe moja ya zinki, hiyo hiyo inayopakwa kwenye mabati yasishike kutu, imebanwa na asidi amino 4 za aina ya sisteini. Zinki ikitoka, kidole hulegea na hakishiki kitu. Kidole cha kwanza hutumbukiza kipande kilichojikunja kama springi kwenye mfereji mpana, kikapapasa herufi moja moja. Kinatafuta neno AGAACA.

Kipokezi kimoja peke yake hakishiki sawasawa. Huja viwili, vimetazamana, vimeshikana kwa kidole cha pili. Na neno lenyewe limeandikwa mara mbili: AGAACA, halafu herufi 3 zozote, halafu TGTTCT. Utaniambia hilo la pili siyo lile. Lisome kwenye uzi wa ng'ambo, ukianzia upande wa pili: ni AGAACA tena. Kila kipokezi na neno lake, na vyote viwili hukaa upande mmoja wa kamba, kwa sababu kutoka katikati ya neno moja hadi katikati ya lingine ni herufi 9, na DNA humaliza mzunguko mmoja kila herufi 10 hivi. Mwaka 1991 Ben Luisi, Paul Sigler, Keith Yamamoto na wenzao walichapisha umbo la mshiko huo, walilolipata kwa miali ya eksirei. Kwenye kipande kimoja cha DNA walichotumia, nafasi ya katikati ilikuwa herufi 4 badala ya 3. Kipokezi kimoja kilikaa kwenye neno lake. Cha pili, kwa kuwa vimeshikana, kikavutwa na kulikosa lake. Kwa herufi moja tu, mdogo wangu!

Nimekupeleka huko kote kwa sababu neno hilo halikuandikwa mahali pamoja. Limetapakaa karibu na jeni nyingi mno. Kipokezi kikishika, huita protini nyingine, jeni hii ikafunguliwa, ile ikafungwa, na hakina namna ya kujua kwamba wewe ulitaka weupe tu. Jeni za uvimbe na mwasho huzimwa, ndiyo maana uso ulitulia haraka. Rangi hupungua kutengenezwa. Na kolajeni, nyuzi zinazoipa ngozi unene, nayo hupungua vilevile. Vimishipa unavyoviona vilikuwepo tangu zamani. Vimetanuka, na kilichokuwa kinavifunika kimekuwa chembamba. Kinga ya ngozi nayo ikilala, fangasi husambaa bila hata kuwasha.

Dawa yenyewe siichukii. Sindano ya steroidi hukomaza mapafu ya mtoto anayetaka kuzaliwa kabla ya siku zake, na wenye pumu wanaivuta kila siku wakapata usingizi. Hata clobetasol ina kazi yake kwenye magonjwa ya ngozi magumu, lakini kwa wiki 2 mfululizo, isizidi gramu 50 kwa wiki, daktari akiangalia. Miezi saba usoni, hapana.

Basi fanya hivi. Wiki hii nenda kliniki ya ngozi, na tyubu yenyewe uibebe. Usiikate wala kuiendeleza kwa akili yako. Daktari ndiye atakayesema ipunguzwe vipi. Nawe msomaji unayepaka mwili mzima, nisikilize zaidi: ubongo ukiona steroidi imejaa, huacha kuviagiza vile vitezi vya juu ya figo, navyo hulala. Ukiacha ghafla ukaishiwa nguvu, ukapata kizunguzungu na kutapika, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na useme wazi ulichokuwa unapaka. Usione haya. Kama ni mkorogo uliopimiwa dukani, beba hicho kikopo, maana humo unaweza kukuta zebaki au haidrokwinoni pia.

Usiweke limau, usiweke dawa ya meno. Maji ya baridi, sabuni isiyo na manukato, mafuta ya mgando, na kofia pana juani. Kuwaka kutapungua polepole, kwa wiki na pengine miezi, na kuna siku utatamani kuirudia tyubu. Siku hiyo mpigie mtu unayemwamini. Mimi nilimpigia mama, akaja hosteli na kitambaa chenye maji, akakaa nami hadi usiku.