Umeme wa Volti 12 Ndani ya Mtumbwi wa Ndagala

Wavuvi wengi wa Ziwa Tanganyika wameiweka karabai pembeni, sasa wanavua ndagala kwa taa za LED na betri. Lakini ukitazama nyaya za mitumbwi mingi utaona zimefungwa kwa mifuko ya plastiki, hazina fyuzi, na ni nyembamba kama uzi. Ukitaka kufunga za kwako vizuri, subiri siku za mbalamwezi. Siku hizo samaki hawafuati taa, na wewe una nafasi.

Huenda utauliza: volti 12 zina hatari gani? Kukupiga shoti hazikupigi. Hatari yake ni moto. Ncha mbili za betri ya gari zikigusana, mkondo wa mamia ya ampea unapita mara moja (ampea ndicho kipimo cha wingi wa umeme unaopita), waya unakuwa mwekundu, na tangi la petroli liko hatua moja tu kutoka hapo.

Anza na hesabu. Tuseme una taa sita za wati 10: jumla wati 60. Gawa kwa volti 12, unapata ampea 5. Betri ya ampea-saa 70 usiimalize. Tumia nusu, yaani 35, ili idumu. Kwa ampea 5 hiyo ni kazi ya saa saba, usiku mmoja wa uvuvi. Kuirudishia umeme huo mchana, pano ya jua ya wati 100 haitoshi. Tafuta ya wati 150, uiweke juu ya bati nyumbani, maana pano ya mtumbwini huibiwa.

Ukiwa karibu na Uvira, Kongo, vifaa utavipata mjini humo. Betri ndiyo itakayokula fedha nyingi, kisha pano. Fyuzi na kikasha chake ni vya bei ndogo, na ndivyo watu wanavyoviruka! Uliza bei maduka mawili matatu, kwa dola na kwa faranga, kwani kila muuzaji ana kiwango chake cha kubadilisha.

Kwenye waya usibane mkono. Taa zikiwa mita sita kutoka kwenye betri, umeme unakwenda na kurudi mita 12. Waya wa milimita mraba 1.5 utapoteza volti 0.7 njiani, wa milimita mraba 4 utapoteza robo volti tu. Chukua wenye nyuzi nyingi ndani. Ule wa nyumba, wenye uzi mmoja mgumu, hukatika kwa mtikisiko wa injini. Kabla ya kulipa, kwangua ncha kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Mrudishie mwenyewe.

Sasa kufunga. Waya mwekundu ni wa chanya, mweusi wa hasi. Kwenye chanya weka fyuzi ya gari ya ampea 10, isizidi shubiri moja kutoka kwenye betri, kwa sababu kipande kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Fyuzi ikikatika, tafuta sababu; usiizungushie karatasi ya sigara. Nyaya zifungwe kwenye betri kwa boliti na nati, vibanio vya meno hulegea. Kila kiungo kibanwe kwa koleo, kifunikwe kwa mpira unaosinyaa kwa joto, na kikae juu, mbali na maji ya chini ya mtumbwi. Kasha la betri liwe na matundu, maana betri ikichajiwa hutoa gesi inayowaka. Asidi ikikumwagikia, osha kwa maji mengi papo hapo.

Nyumbani, kati ya pano na betri lazima kuwe na kidhibiti chaji, ambacho wengi hukiita regulateri. Unganisha betri kwanza, pano baadaye. Ukifungua, anza na pano.

Usiende ziwani kabla ya kupima. Kipima umeme cha bei ndogo kinatosha. Betri iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 hivi, ikifika 12.2 imebaki nusu. Washa taa zote ufukweni, pima kwenye betri, kisha kwenye taa ya mwisho. Tofauti ikizidi nusu volti, pitia viungo kimoja kimoja kwa kiganja: kilicho cha moto ndicho kibovu.