Dondoo muhimu: Tofali jepesi la tanuri la mhunzi

Tofali la kuchoma tunalojengea nyumba huku Suma, Rungwe, hunywa joto: mkaa unakwisha, chuma bado cheusi. Mhunzi anahitaji tofali lenye vitundu vingi ndani, maana hewa iliyonaswa humo ndiyo inayozuia joto lisipotee.

Tumia udongo wa mfinyanzi, si ule mweusi wa migombani. Ukipata vigae vya vyungu vya Wakisi wa Ikombe, kule Kyela, usivitupe. Viponde, chekecha, changanya kiasi na udongo huo, hupunguza nyufa. Kisha weka unga wa mbao uliochekechwa, ndoo kwa ndoo na udongo. Huo utaungua tofali likichomwa na kuacha vitundu. Pumba za mpunga nazo zinafaa.

Mawe mepesi ya volkano ya Rungwe yanashawishi, na kweli yanazuia joto, ila yapange nyuma, mbali na moto. Joto kali huyalainisha. Saruji ya kawaida achana nayo, itapukutika.

Adui mkubwa ni mvua ya Tukuyu. Anika chini ya paa wiki mbili, tatu, ukigeuza kila upande. Tofali bichi likikutana na moto mkali hupasuka kwa mvuke (kinga macho!), kwa hiyo anza na moto mdogo kwa saa kadhaa. Choma mawili ya majaribio kwanza. Tofali hili hata likiiva ni laini, ukucha hulikwaruza, basi lisiguswe na koleo: upande wa ndani wa tanuri siriba tabaka jembamba la udongo usio na unga wa mbao.