Kutia ramani ya kuguswa kwenye programu ya simu: somo kutoka vichochoro vya Mji wa Kale

Somo la toleo hili ni la vijana wanaojifunza kutengeneza programu za simu, ingawa mkazi yeyote anayetumia ramani kwenye simu yake atapata la kumfaa. Tunaeleza jinsi ramani ya kuguswa, ile unayoikuza kwa vidole viwili na kubonyeza alama zake, inavyotiwa ndani ya programu moja inayofanya kazi kwenye Android na iPhone.

Mfano wetu ni Mji wa Kale, na tumeuchagua kwa makusudi kwa sababu ni mahali pagumu. Ramani inayokutosha Nyali, ambako barabara ni pana na mbingu iko wazi, huanza kubabaika hatua chache tu baada ya kuipa Ngome mgongo. Wanaoumia si watalii peke yao. Fikiria jamaa wa mgonjwa aliye Kibokoni usiku, ameita ambulensi na kumtumia dereva alama ya mahali alipo. Kwenye skrini dereva anaona mstari mmoja mpaka mlangoni. Mstari ule haumwambii kwamba nusu yake ni kichochoro cha kupita watu kwa miguu. Anaingia, anakwama, anaanza kurudi nyuma gari likiwa katikati ya kuta mbili, na mgonjwa bado yuko juu ghorofani. Anayetengeneza programu anaweza kuzuia jambo hilo kabla halijatokea, ila itabidi kwanza aelewe ramani yake imetengenezwa kwa nini.

Vigae na tabaka

Ramani unayoiona kwenye simu si picha moja kubwa. Ni vigae vidogo vya mraba vilivyopangwa kando kwa kando kama vigae vya sakafu, na simu huagiza kwenye seva vile tu vinavyohitajika kujaza skrini. Katika kiwango cha 0 dunia nzima ni kigae kimoja. Kila ukikuza hatua moja, kila kigae hugawanyika vinne: vinakuwa 4, kisha 16, kisha 64, na kuendelea. Ukifika kiwango cha 18, kigae kimoja hapa kwetu karibu na ikweta hufunika takriban mita 153 kwa mita 153. Hapo ndipo vichochoro huanza kusomeka.

Juu ya vigae huwekwa tabaka la pili, ambalo ni lako mwenyewe: alama, mistari na maeneo unayotaka yabonyezwe. Vigae ni vya kutazamwa tu. Mtu akibonyeza alama ya Leven House akapata maelezo, anazungumza na tabaka lako. Anayeanza akizitenganisha tabaka hizi mbili kichwani, nusu ya kazi imekwisha.

Kwa programu ya msimbo mmoja kwa simu zote, wengi hapa hutumia Flutter au React Native. Kuna jambo moja kuhusu React Native ambalo halielezwi vya kutosha. Maktaba yake maarufu ya ramani, usipoiambia vingine, huonyesha ramani ya Google kwenye Android na ramani ya Apple kwenye iPhone. Msimbo ni mmoja, lakini ramani ni mbili, zilizochorwa na kampuni mbili. Kichochoro kinachoonekana kwenye simu yako huenda hakipo kabisa kwenye simu ya jirani, na mkibishana kuhusu njia kila mmoja atakuwa mkweli. Kwa kazi inayohusu dharura ningechagua chanzo kimoja cha ramani kwa simu zote. Flutter inayo maktaba ya Google inayoonyesha ramani ya Google kwenye simu zote mbili, na inayo pia flutter_map, ambayo huchota vigae kutoka popote utakapoielekeza, pamoja na vile vilivyotengenezwa kwa data ya OpenStreetMap.

Ramani ya Google huhitaji ufunguo na akaunti ya malipo. Ufunguo huo ufungie kwenye jina la programu yako pekee, na usiuache kwenye msimbo unaoonekana na umma. Akiuokota mtu mwingine, bili itakuja kwako.

Nambari mbili zisizosameheana

Kila mahali kwenye ramani ni nambari mbili: latitudo, yaani umbali kutoka ikweta, na longitudo, yaani umbali kutoka mstari wa Greenwich. Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, iko karibu na −4.063, 39.680. Alama ya kutoa inaonyesha kwamba tuko kusini mwa ikweta.

Ukiisahau alama hiyo ya kutoa, Ngome itahamia kusini mwa Ethiopia, ng'ambo ya Moyale. Ukizigeuza nambari, longitudo ikaja mbele, utaiona Uhispania, kusini mwa mji wa Toledo. Kosa la pili hutokea kila siku, na chanzo chake kinajulikana: maktaba nyingi huandika latitudo kwanza, ilhali faili za GeoJSON, ambazo ndizo hubeba data nyingi za ramani, huandika longitudo kwanza. Alama zako zikipotea, kabla hujalaumu intaneti itazame Uhispania.

Halafu kuna idadi ya tarakimu baada ya nukta. Digrii moja ni kama kilomita 111. Kwa hiyo hatua moja ya tarakimu ya tatu ni mita 111, ya nne ni mita 11, na ya tano ni mita moja na kidogo. Kwa hoteli ya ufuoni tarakimu nne zinatosha. Mji wa Kale, mita 11 ni nyumba nyingine, pengine na mtaa mwingine, kwa hivyo andika tano.

Kitone cha buluu

Hata hivyo, tarakimu tano hazifai kitu ikiwa simu yenyewe haijui iko wapi. Chini ya mbingu wazi, simu ya kawaida hukisia mahali ilipo kwa tofauti ya mita 5 hivi. Katikati ya nyumba ndefu za mawe, roshani zikiwa zimetokeza juu ya njia, mawimbi ya satelaiti hugonga kuta kabla ya kukufikia. Safari yao inarefuka, na simu, ambayo hupima umbali kwa muda wa safari hiyo, inakosea. Ndiyo maana kitone cha buluu hurukaruka, mara uko Ndia Kuu, mara uko nyuma ya nyumba za watu.

Kiwepo kitone, lakini kisijifanye kinajua. Simu huipa programu yako makadirio ya kosa kwa mita. Chora duara la ukubwa huo kukizunguka, na kosa likizidi mita 20 mwambie mtumiaji atafute alama aionayo kwa macho. Hapa ndipo wenyeji walipo na akili kuliko setelaiti. Mtu wa Mji wa Kale hakuelekezi kwa mita. Atakwambia ukiupita Msikiti wa Mandhry, tazama baraza fulani, kisha pinda. Msikiti, kisima, baraza, mlango wa nakshi, duka la kahawa: hizo ndizo alama za kutia kwenye tabaka lako, kwa sababu ukuta hauwezi kuzihamisha.

Jambo jingine la kujaribu. Tangu Android 12, mtumiaji anaweza kuikubalia programu ijue alipo kwa makadirio tu, na makadirio hayo ni eneo la kilomita za mraba 3 hivi. Mji wa Kale wote una takriban hekta 72, haufiki hata kilomita moja ya mraba. Mtumiaji akichagua makadirio, programu yako itajua tu kwamba yuko kisiwani. Ni haki yake, kwa hiyo programu iweze kufanya kazi bila kitone, mtu aguse mwenyewe mahali alipo.

Njia ya nani?

Tunarudi kwa ambulensi. Programu ya kuelekeza njia haioni upana. Inaona mistari na lebo zilizofungwa kwenye mistari. Mstari wa barabara usio na lebo ya kizuizi huchukuliwa kuwa barabara kama barabara nyingine. Suluhisho linahitaji miguu na utepe wa kupimia. Kwa kila njia, andika nini kinaweza kupita: gari, tuktuk, mkokoteni, au mtu tu. Andika penye ngazi. Andika penye nguzo au ukingo unaozuia. Kisha, kwa kila mtaa, tia alama ya mahali gari la dharura linapoweza kusimama na kugeuza, ili programu impeleke dereva huko, na mstari wa pili, wa miguu, uwaonyeshe wenye machela sehemu iliyobaki.

Kazi ya namna hii imefanyika karibu nasi. Mwaka 2009, Kibera jijini Nairobi ilikuwa karibu tupu kwenye ramani za umma mpaka vijana wa huko walipoanza kuichora kwa mradi wa Map Kibera, wakitumia OpenStreetMap. Dar es Salaam, kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatoa wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa kata zinazofurika, wakachora nyumba, vijia na mitaro ili ijulikane maji yatapita wapi. Waliojua mtaro upi umeziba walikuwa ni watu wanaoruka mtaro huo kila asubuhi.

Faida ya kuandika vipimo hivi kwenye OpenStreetMap badala ya kuvifungia ndani ya programu yako ni kwamba programu nyingine yoyote inayotumia data hiyo itavipata pia. Sharti la leseni ni dogo: kwenye kona ya ramani itajwe kwamba data ni ya wachangiaji wa OpenStreetMap. Msilifute ili skrini ipendeze.

Majina nayo yana kesi yake. Ndia Kuu imeandikwa kwa Kimvita, na mgeni wa kutoka bara ataandika Njia Kuu kwenye kisanduku cha kutafutia, asipate kitu. Mkazi atatafuta Ngomeni, mtalii atatafuta Fort Jesus, na wote wanakwenda mlango mmoja. OpenStreetMap inaruhusu mahali pamoja kubeba jina rasmi, jina mbadala, jina la zamani na jina la Kiswahili. Yajaze yote, na utafutaji wa programu yako uyapitie yote. Jina la wenyeji lisije likafutwa eti kwa kuwa halijaandikwa kwa Kiswahili sanifu.

Bando likiisha

Dharura haingoji bando. Tumeona kwamba Mji wa Kale ni hekta 72. Kwa hesabu ya eneo, hivyo ni vigae 31 hivi katika kiwango cha 18, na mara nne yake katika kiwango cha 19. Ukiongeza vya pembezoni na vya viwango vya chini, jumla ni vigae mia chache, mzigo wa megabaiti kidogo tu ambao unaweza kusafiri ndani ya programu yenyewe tangu siku ya kupakuliwa. Hakuna sababu ya ramani ya eneo dogo hivi kuonyesha skrini ya kijivu.

Lakini usivichote kwa wingi kutoka seva za umma za OpenStreetMap. Seva hizo huendeshwa kwa michango, sera yake inakataza upakuaji wa jumla, na programu inayozilemea hufungiwa. Chukua data yenyewe, ambayo ni huru, utengeneze vigae vyako, au tumia mtoa huduma anayeruhusu vihifadhiwe kwenye simu.

Ruhusa

iPhone haitakuruhusu kusoma mahali mtu alipo bila kuandika sababu, na sababu hiyo huonyeshwa kwa mtumiaji. Iandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka. Omba ruhusa mtu anapobonyeza kitufe cha kujitafuta, si mara tu anapofungua programu. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, mahali mtu alipo ni miongoni mwa taarifa zinazoweza kumtambulisha, kwa hiyo usikusanye safari za watu kwa sababu tu simu inaweza kuzitoa. Na wakati wa kupima njia, usitie alama wala jina kwenye mlango wa nyumba ya mtu bila kumuuliza. Piga hodi kwanza.

Zoezi

Nendeni wawili, mmoja na Android, mwingine na iPhone. Anzieni lango la Ngome, mfuate Ndia Kuu mpaka Bandari ya Kale. Chagueni sehemu tano njiani. Kwa kila moja andikeni latitudo na longitudo kwa tarakimu tano kutoka simu zote mbili, majina yote ambayo wenyeji wa hapo wanapaita, na chombo kikubwa zaidi kinachoweza kufika. Rudini kesho yake saa ile ile, mchukue vipimo upya, kisha mhesabu kitone kilihama mita ngapi huku nyinyi mmesimama pale pale.