Takwimu na Utando: Uchujaji wa Majitaka kwa Kuzingatia Hali ya Bamburi

Bamburi, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, imekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Mwamba huo una matundu mengi, na maji ya shimo la choo huweza kuupenya upesi hadi kisimani. Katika ardhi kama hiyo, hata majitaka yaliyokwisha kusafishwa hayafai kumwagwa ovyo. Kuyachuja tena ili yamwagilie bustani ni jambo lenye maslahi makubwa kwa anayechota maji jirani.

Chombo kimojawapo cha kazi hiyo ni utando. Neno hili lina uhusiano na kitenzi tanda, nalo limezoeleka katika utando wa buibui na utando wa maziwa. Utando wa wahandisi, hata hivyo, haufuniki bali huchuja: maji husukumwa kwa shinikizo yapite katika vitundu vidogo kuliko bakteria. Tatizo lake kubwa ni kuziba.

Hapo ndipo takwimu zinapohitajika. Ichukuliwe, kwa mfano wa kubuni tu, kwamba shinikizo likiwa dogo na mwendo wa maji juu ya utando ukiwa mdogo, kila mita ya mraba hutoa lita 40 kwa saa. Shinikizo likiongezwa peke yake hupatikana lita 42. Mwendo peke yake, 44. Fundi anayejaribu jambo mojamoja atakata kauli kwamba hapana faida ya maana. Kumbe vyote viwili vikiongezwa pamoja hupatikana lita 62! Shinikizo peke yake hugandamiza uchafu juu ya utando, mwendo huukokoa.

Hali hii ndiyo mwingiliano, dhana ambayo wanafunzi wengi huichanganya na uhusiano. Uhusiano husema kwamba vitu viwili hubadilika pamoja. Mwingiliano husema kwamba athari ya kimoja hutegemea kiwango cha kingine. R. A. Fisher, katika kitabu chake cha mwaka 1935 kuhusu upangaji wa majaribio, alitetea kubadilisha mambo kadhaa kwa pamoja kwa sababu kama hiyo.

Aidha, mfuatano wa majaribio hauna budi kupangwa kwa kura. Majaribio yote ya shinikizo kubwa yakiachwa hadi mwisho wa juma, utando utakuwa umekwisha chakaa, na lawama itaangukia shinikizo. Kila jaribio lirudiwe pia, kwani tofauti ya 40 na 42 yaweza kuwa kosa la kipimo tu.